Naseem Hamed: bingwa wa kweli au mbwembwe tupu?

Mwana Mikindani:
Wapenzi wa ngumi wa Mtwara na Lindi, naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo kila tukikutana huishia kwenye ugomvi. Naseem Hamed wa Sheffield, Uingereza, alipanda ulingoni mara 37 katika ngumi za kulipwa, akashinda 36, na kati ya hayo 31 hayakufika kengele ya mwisho. Mwaka 1995 alimnyang'anya Steve Robinson mkanda wa WBO, moja ya mashirika yanayotoa ubingwa wa dunia, wa uzito wa unyoya huko Cardiff, nyumbani kwa Robinson mwenyewe, akaushikilia hadi mwaka 2000. Alipigana mikono ikiwa chini na kidevu kikiwa wazi, akarusha makonde huku miguu haijakaa sawa, na wapinzani wakaanguka. Kwangu mimi huyu ni miongoni mwa mabingwa wakubwa wa uzito ule, na jumba la heshima la ngumi la Canastota, Marekani, lilimwingiza mwaka 2015. Anayepinga alete hoja.

Kocha wa Ligula:
Napinga, na napinga nikiwa mtu anayeshinda na vijana ulingoni. Kijana akishamtazama Hamed kwenye simu, kesho yake anakuja mazoezini ameshusha mikono, na mimi ndiye ninayebaki na kazi ya kuipandisha. Bondia Herol Graham alilelewa na kocha yuleyule wa Hamed, Brendan Ingle, kwa mafunzo yaleyale ya kukwepa bila kinga. Mwaka 1990 alikuwa akimchezea mpinzani wake Julian Jackson atakavyo, hadi raundi ya 4 konde moja lilipomzimisha. Hamed naye alipokutana na mtu aliyetulia, Marco Antonio Barrera, mjini Las Vegas mwaka 2001, aliangushwa na kuaibishwa. Tuambizane ukweli: ninyi watu wa pwani mnampenda kwa sababu wazazi wake walitoka Yemeni. Angekuwa na asili nyingine msingemtetea hivi.

Dada wa Shangani:
Shikamoo Kocha. Katika pambano lile Hamed hakuanguka hata mara moja. Alishindwa kwa pointi: majaji wawili waliandika 115 kwa 112, wa tatu 116 kwa 111, na Barrera mwenyewe alikatwa pointi katika raundi ya 12 kwa kumgongesha Hamed kichwa kwenye kona ya ulingo. Kama tunahukumu maisha ya bondia, tuanze na yaliyotokea.

Mwana Mikindani:
Suala la Herol Graham nitalijibu baadaye. Kwanza nataka Kocha aniambie amejuaje kilichomo moyoni mwangu. Mimi ni Mmakonde kwa baba na kwa mama, na sina ndugu Yemeni. Hamed alipopambana na Vuyani Bungu wa Afrika Kusini mwaka 2000, vijana wote tuliokuwa kwenye banda la video pale Mikindani tulikuwa upande wa Bungu, kwa sababu alikuwa Mwafrika mwenzetu na alikuwa ameutetea mara nyingi mkanda wake wa IBF, shirika jingine la ubingwa. Bungu alizimwa katika raundi ya 4, tukarudi nyumbani tumenuna. Heshima yangu kwa Hamed ilianza siku ile, nikiwa upande wa aliyepigwa. Sasa damu hapo imeingiaje?

Mwalimu wa Masasi:
Kijana wangu, uchungu wako naufahamu, lakini pambano la Bungu halikusaidii sana. Bungu alikuwa bingwa wa uzito wa chini kuliko wa Hamed, akapanda uzito kumfuata Hamed, na ni lazima hilo lihesabiwe. Jina la Hamed lijengwe juu ya ushindi mwingine: Tom Johnson mwaka 1997, aliyekuwa na mkanda wa IBF, Wilfredo Vázquez mwaka 1998, na Cesar Soto mwaka 1999, aliyekuwa na mkanda wa WBC, shirika jingine tena. Deni lake liko kwa wale ambao hakukutana nao. Bondia Juan Manuel Márquez alikaa muda mrefu kwenye foleni ya kugombea mkanda wa WBO na pambano halikufanyika. Erik Morales naye hawakukutana kamwe. Baada ya Barrera, Hamed alipigana mara moja tu, mwaka 2002, akaondoka akiwa na miaka 28. Bingwa mkubwa akishapigwa huomba marudiano na kuyapigania. Huyu hakurudi.

Nami namkumbusha Kocha kwamba sisi wa Masasi hatuna bahari, na Hamed ana wapenzi wengi huku kuliko anavyodhani.

Kocha wa Ligula:
Mwalimu, shikamoo, maneno yako nimeyapokea. Dada wa Shangani ameshikilia neno "kuanguka" kana kwamba limefuta raundi 12 ambazo Barrera alimgusa usoni kila alipojaribu kuruka. Bondia anaweza kuaibishwa akiwa amesimama. Mimi naangalia mtoto wa watu aliyeletwa kwangu na mama yake, na nikimruhusu aache kidevu wazi akavunjika taya, mimi ndiye nitakayekwenda kumwona mama huyo, si mashabiki. Urithi wa bingwa upimwe pia kwa hiki anachowaachia wanaomwiga.

Mtu wa Newala:
Hapo Kocha amehamisha mjadala. Tuliulizwa kama Hamed alikuwa mkubwa, hatukuulizwa kama mtoto wa Ligula amwige. Wengi humsema pia kwa mbwembwe zake, kuruka sarakasi juu ya kamba na kuingia akiwa juu ya zulia linaloelea siku ya Bungu. Sisi tuliokulia Newala tunajua kwamba lipiko, yule mcheza ngoma aliyevaa kinyago, linapotokeza uwanjani, watu wameshatekwa kabla halijapiga hatua ya kwanza ya ngoma, na kule kutokeza kwake ni sehemu ya ufundi. Mpinzani wa Hamed alisimama ulingoni akisubiri huku mwili ukipoa na hasira ikipanda. Tena ujasiri wake haukuishia kwenye zulia. Kevin Kelley alimwangusha mara 3 pale Madison Square Garden, Desemba 1997. Aliinuka mara zote, akamwangusha Kelley naye mara 3, pambano likaisha katika raundi ya 4.

Dada wa Shangani:
Naongeza jambo ambalo Kocha angepaswa kulipenda. Ule mtindo haukuwa wa kubahatisha. Hamed alifika kwa Ingle akiwa na miaka 7, katika ukumbi ambao sakafu yake ilichorwa mistari, na watoto walirudiarudia hatua juu ya mistari hiyo mpaka miguu ikazoea. Mwaka 1998 wakaachana kwa ugomvi, na kuanzia hapo anayetazama mapambano yake kwa mpangilio wa miaka anaona miguu ikipungua kazi na mkono wa kushoto ukitegemewa kumaliza kila kitu. Barrera alimkuta Hamed aliyekwisha kuacha nusu ya ufundi wake. Kwa hiyo unapomlaumu Hamed, Kocha, laumu kuacha mafunzo. Usilaumu mafunzo yenyewe.

Kocha wa Ligula:
Hoja ya mistari naikubali, na wiki hii nitaichora kwenye sakafu yangu. Miguu wataijifunza. Mikono itabaki juu, na juu ya hilo sibishani na mtu.

Mwana Mikindani:
Kocha, mistari ni jambo jema, lakini bado hujanijibu. Ulisema tunampenda kwa asili ya wazazi wake. Ama ulithibitishe hilo au ulifute, ndipo nami nikujibu kuhusu Herol Graham.