Kikundi cha Ukoo wa Bi Mwanaidi: kingoma cha Mama Sauda

IJUMAA

Mama Sauda: Shikamooni wakubwa. Natafuta kingoma cha kupakata, cha kupiga hapa nyumbani jioni na watoto. Leo nimepita Mwenge kwenye vinyago. Vipo, vinapendeza, ila nikigonga ni kama nagonga sanduku. Mjomba Salum nisaidie

Mjomba Salum: Marahaba mpwa wangu. Vingi vya michoro ya twiga ni vya kupamba sebule. Usitazame rangi, tazama ngozi imeshikwaje. Kama ni gundi na misumari midogo, siku ikilegea huna la kufanya. Tafuta ngozi ya mbuzi iliyovutwa kwa vigingi vya mti. Ikilegea unakigonga kigingi, inarudi

Mjomba Salum: Mdomo shibiri moja unatosha kwa nyumbani. Na chini kuwe wazi. Ukikaa uiinamishe, ukiisimamisha wima sakafuni umeiziba pumzi

Hamisi: Dada, na majirani wa juu?

Mama Sauda: Nitapiga kwa vidole, kati ya Asri na Magharibi. Nimeshawaambia, wamekubali

Baba Rama: Mimi naona ngoma ni kazi ya wanaume lakini

Shangazi Pili: Baba Rama sikubali. Nimekaa Dodoma miaka. Ngoma ya muheme wanapiga kina mama wa Kigogo, wameibana katikati ya miguu, na mwili mzima unacheza. Hebu waone kwanza

Bibi: Kwetu Kisarawe mwali hatolewi bila ngoma. Chapuo lilikuwa dogo hivyo hivyo, ndilo linalosemasema, vumi, ngoma kubwa, linaitikia kwa chini. Nunua mjukuu wangu

Mama Sauda: Shikamoo Bibi. Nanunua 🙏🏾

JUMATATU

Mama Sauda: Nimekipata Bagamoyo, kwa fundi anayechonga mwenyewe. Nilimkuta anakwangua manyoya. Ngozi inalowekwa kwanza, inavutwa ikiwa mbichi, halafu inakaukia palepale kwenye mti. Ndiyo maana inakaza

Shangazi Pili: Bagamoyo hujakosea, mji wenye TaSUBa ule, chuo cha sanaa. Vijana wanasomea ngoma darasani

ALHAMISI

Mama Sauda: Jamani mvua ya tangu jana! Kingoma kimenyamaza, kinasema pu pu pu

Hamisi: Kiweke kwenye jiko la gesi dakika moja

Mjomba Salum: HAPANA HAMISI. Ngozi ikikutana na moto wa karibu inapasuka. Imekunywa unyevu tu, masika ndivyo yalivyo. Washa mkaa, kaa nacho mbali kidogo, kizungushe taratibu huku unagonga. Ukisikia sauti inapanda, toa. Jua likitoka, kianike kidogo usikisahau

Mama Sauda: Nimefanya. Mjomba, kimeamka!!

Mjomba Salum: Sasa kiganja katikati upate sauti nzito, ncha za vidole ukingoni upate kali. Na mkono uruke. Ukiuacha juu ya ngozi unaua mlio

Mama Sauda: 🎤 0:41
Mama Sauda: Huyo ni Sauda, mimi napiga makofi

Shangazi Pili: Mashallah mtoto ana mkono

Baba Rama: Rama ameisikia, anauliza na yeye cha kwake lini. Mama Sauda nipe namba ya fundi

Bibi: Nimesikiliza mara mbili. Mkono wa kushoto unachelewa. Mwambie apige polepole, mimi nitaimba, halafu mnitumie tena