Dario I wa Uajemi: kiti alikirithi au alikinyakua?

Mwalimu wa Vijana:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Biblia vijana wa kanisani na tumefika Ezra 6, Dario anapoamuru hekalu la Yerusalemu lijengwe kwa kodi za mfalme. Kijana mmoja kauliza: Dario ni mtoto wa Koreshi? Najua Koreshi, mfalme wa Uajemi, alimwachia ufalme mwanawe Kambisesi. Huyu katokea wapi?

Mpenda Historia:
Si mtoto wake. Baba yake ni Hystaspes. Usimchanganye pia na Dario Mmedi wa kitabu cha Danieli.

Binti Kalamu:
Mwalimu, huyu mfalme nampenda kumsoma, ila habari zake za kuingia madarakani siziamini. Kambisesi alifariki mwaka 522 KK akirudi kutoka Misri. Kwenye mwamba wa Behistun, kule Iran, Dario kachonga kwa lugha tatu kwamba Kambisesi alikuwa amemuua kwa siri mdogo wake Bardiya, kisha Gaumata, mmoja wa Mamajusi (makuhani wa Umedi), akajifanya Bardiya na kutawala. Dario na wenzake wakamuua Gaumata Septemba ya mwaka ule ule.

Sasa kama aliyekufa ni tapeli, mbona Elamu, Babeli na Umedi, nchi zilizokuwa chini ya Uajemi, ziliasi? Hata Uajemi kwenyewe akainuka Vahyazdata akidai yeye ndiye Bardiya, na watu wakamfuata! Dario mwenyewe anataja vita 19 na wafalme 9 aliowashika. Tena baba yake na babu yake Arsames walikuwa hai bado. Kwa urithi wa ukoo wangetangulia wao. Halafu, kama mtu anayetafuta kujiunga na ukoo wa Koreshi, akaoa mabinti wake wawili, Atossa na Artystone, na Parmys binti Bardiya. Mimi nasema aliyeuawa ni Bardiya halisi.

Mpenda Historia:
Lakini dada, alitawala vizuri hadi 486 KK. Barabara ya Sardi mpaka Susa, sarafu za dhahabu, mfereji wa kutoka Nile hadi Bahari ya Shamu, vyote kazi yake.

Binti Kalamu:
Hilo sibishi, kaka. Uwezo alikuwa nao mkubwa.

Mwalimu, warudishe vijana Ezra 6:1-5. Dario anaamuru kumbukumbu zitafutwe, amri ya Koreshi ya kujenga hekalu inapatikana Ahmetha, mji wa Umedi, naye Dario anaitekeleza. Mtu aliyeingia kwa upanga alihitaji sana kuonekana anatimiza neno la Koreshi.