Naomba ushauri: dawa zilizoisha muda dukani

Habari zenu wakuu. Nina duka la dawa muhimu hapa Mwanga, Kigoma. Stoo kuna boksi zima limeisha muda: amoksilini za unga za watoto, mseto za malaria, sharubati za kikohozi lebo zimeshaanza kubanduka. Utaratibu naujua: nizitenge, niorodheshe, niombe TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) ziteketezwe kwa usimamizi, gharama juu yangu. Na mtaji wenyewe ndio huo umelala kwenye boksi!

Jirani anasema nimwage tu mtaroni. Mtaro wa hapa unateremka Ziwa Tanganyika, tunakochota maji na kuvua dagaa, siwezi. Jalalani nako watoto huokota.

Wenye maduka madogo, huwa mnaungana kuchangia gharama za kuteketeza? Na mnakubaliana vipi na muuza jumla apokee dawa kabla hazijaisha muda?