Nina miaka 32, kabati limejaa, na sijui mimi huvaa nini

Binti_wa_Keshero

Wapendwa, habari za jioni. Naomba ushauri, na naomba msinicheke sana. Kidogo ruhusa.

Nimezaliwa hapa Goma. Miaka minane nimefanya kazi kwenye shirika moja la misaada, na mtu wa mji huu sina haja ya kumweleza maana yake: asubuhi unavaa jinzi au pantalo (suruali) ya mifuko, basiketi (raba), tisheti, halafu jile juu, yaani kizibao chenye mifuko na nembo ya shirika. Hata siku ya kukaa ofisini tu, jile. Mradi wetu ulifungwa mwanzoni mwa 2025 pesa za Marekani zilipokatwa, nikarudi nyumbani na boksi moja na jile mbili. Sasa nimepata kazi ya kufundisha nusu siku kwenye chuo kimoja, naanza baada ya wiki tatu. Juzi nikafungua kabati, nikakaa kitandani kuangalia. Nguo tele, lakini sikuona hata moja ya kusema hii ni yangu.

Shuleni ilikuwa shati jeupe na sketi ya bluu kama watoto wote wa Kongo, kwa hiyo ujanja wote tuliutia kwenye vitu vidogo: soksi, namna ya kukunja mikono ya shati, sketi unayoipandisha kiunoni ukishavuka geti na kuishusha mbio ukimwona mkuu wa nidhamu. Nikiwa na miaka 15 nilimwiga binamu yangu wa Kinshasa kila kitu: jinzi ya kubana mpaka kukaa ni kazi, mkanda wenye chuma kikubwa mbele, hereni za duara. Pesa nilizopewa siku ya kipaimara nilinunulia viatu vyeupe vya kisigino kirefu. Mliokulia hapa mnajua mwisho wake. Njia za mtaa wetu ni mawe ya volkano, yana meno kama msumeno. Jumapili ya kwanza visigino vilikwanguka ngozi yote, plastiki ya ndani ikaonekana. Jumapili ya pili cha kushoto kikabanwa kati ya mawe mawili, mimi nikapita, chenyewe kikabaki. Niliingia kanisani nachechemea, na misa ilikuwa ndefu.

Chuo kikuu nilivaa alivyoacha yaya yangu (dada mkubwa) alipoolewa, hapo hakuna la kusimulia. Kisha jile.

Jana niliamua jile moja niigeuze nguo ya kawaida. Nikachukua wembe, nikafungua nembo ya kifuani uzi mmoja mmoja, karibu saa nzima. Ikatoka. Chini yake kitambaa bado kina kahawia yake ya mwanzo, mraba safi kabisa, na pembeni pote pamepauka kwa jua na vumbi. Sasa imekuwa jile ambayo mtu akiiona tu anajua kulikuwa na kitu hapo. Nimeirudisha kabatini.

Mdogo wangu wa miaka 16 anasema navaa kama dereva wa msafara. Mama anasema mwanamke wa umri wangu asiye na komple (seti) hata tatu za kikwembe (kitenge) anaaibisha familia. Nikivaa kikwembe najiona nimeazima kwa mama. Nikivaa jinzi za zamani najiona nimemwibia mdogo wangu.

Nyinyi mlitokaje kwenye nguo za ujana? Mlitupa? Mliweka? Niko na dola 60, haziongezeki, na kazini nitakuwa napanda moto kila siku (pikipiki, wa magurudumu mawili, si ule wa mlimani).

Kadogo_wa_Birere

Pole dada. Mimi jile yangu navalia kwenda kuchota maji Kituku. Mifuko minne, simu haidondoki ziwani. Usiitupe.

Binti_wa_Keshero

Asante kwa ushauri wa kitaalamu.

Fundi_Mabanga

Dada, kabla hujanunua chochote, kajipime. Watu wa umri wako wananijia hapa kwenye cherehani wakilalamika mtindo umewakataa, kumbe kilichowakataa ni kipimo. Mwili wa miaka 17 na wa 32 ni miili miwili, hata kama mizani inasema vilevile. Mtu anaendelea kununua namba ile ile aliyoizoea, nguo inamvuta kwapani, anasema "hii si yangu tena".

Zile za zamani zigeuze ndani nje uangalie mshono wa pembeni. Kama fundi aliacha sentimita mbili kila upande, inapanuka. Za dukani siku hizi wanaacha kidogo sana, hizo mpe mdogo wako bila kunung'unika.

Juu ya kikwembe, mama yako ana haki, ila usiniagize mikono ya kuvimba. Kwenye moto inashika upepo kama tanga. Na sketi ya kubana magoti yenye mkia chini, hiyo itabidi ukae upande, na kukaa upande juu ya mawe yetu ni kujiandikia kitanda cha hospitali. Shona pantalo pana, au sketi ya vipande inayofunguka. Kwa mwili wa kawaida, yadi sita zinanipa pantalo, shati la kola na kitambaa cha kichwa. Komple ya akina mama inazila zote na bado wanaomba za juu.

Ukienda sokoni, geuza kitambaa uone mgongo wake. Waksi yenyewe rangi iko sawa pande zote mbili, kwa sababu nta na rangi vinapita kitambaa chote. Ile ya bei ndogo imechapwa upande mmoja, nyuma imefifia. Si dhambi kuinunua, lakini usiishonee shati, maana ukikunja mkono weupe unatoka. Halafu iloweke kabla ya kuniletea. Pamba inapungua majini, lawama zinakuja kwa fundi.

Ya_Deo_Mvaaji

Napinga kidogo. Niko na miaka 44. Kuvaa nilijifunza nikiwa na 17, na kanuni sijabadilisha hata moja: rangi tatu, basi. Kutoka kofia mpaka viatu zisizidi tatu. Tuliirithi kwa masapeur, wavaaji maridadi wa Kinshasa na Brazzaville, hata sisi wa huku mashariki ambao wanatucheka kwamba tunavaa majaketi tu kwa baridi.

Kilichobadilika ni jicho. Ujanani nilifuata jina lililoandikwa ndani ya kola. Watu wakija kunisalimia nafungua koti walisome, fikirieni hiyo aibu. Papa Wemba, yule mwanamuziki, alipofia jukwaani Abidjan mwaka 2016, mimi nilikuwa nalipa deni la viatu ambalo bei yake siitaji hapa kwa sababu mke wangu anasoma. Sasa nikichukua koti naangalia kwanza mshono wa bega umeishia wapi, kisha pantalo imegusa kiatu namna gani. Jina likae huko ndani.

Kwa hiyo usianze na kutupa. Kabla binamu hajakuambia kitu, ulipenda nini mwenyewe? Kama ni hereni za duara, rudisha hereni.

Kadogo_wa_Birere

Ya Deo, viatu bei gani?

Ya_Deo_Mvaaji

Kadogo, fanya kazi zako.

Balo_Virunga

Mimi nauza chagua (mitumba) soko la Virunga, nisemee hizo dola 60. Arobaini mpe fundi na kitambaa. Ishirini njoo nazo kwetu, lakini njoo asubuhi balo (robota la mitumba) inapokatwa kamba, usije saa nane ukaanza kulia kwamba chagua imekwisha. Saa nane bei inashuka, ni kweli, na kilichobaki ni kile ambacho watu mia wameshakishika wakakiacha.

Wewe una bahati moja: vijana wanapigania jinzi na hudi, akina mama wanapigania nguo za watoto. Makoti ya kike ya ofisini yanabaki chini kabisa ya rundo, yamekunjamana, hakuna anayeyatazama. Hayo ndiyo yako. Angalia kwapa, angalia kola kwa ndani, vuta zipu mara tatu, na uinuse. Harufu ya ghala inatoka kwa sabuni na jua. Harufu ya jasho la zamani haitoki, hata muuzaji akikuapia.

Zamani yalikuwa yanabaki mengi zaidi. Tangu Rwanda ipandishe ushuru wa mitumba mwaka 2016, kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2 na nusu, dada zetu wa Gisenyi wanakuja kununua hapa, na wanajua kuchagua kutushinda. Mmoja nilimwona anaelekea mpakani amevaa makoti matatu, saa sita ya mchana, jua kali. Nilimpa maji.

Mama_Kasika

Mwanangu, salamu kwako na kwa mama yako. Mimi si mtu wa kuandika huku, binti yangu ndiye anaandika na mimi nasema.

Nina miaka 61. Nilipokuwa na umri wa mdogo wako, mwanamke kuvaa pantalo ilikuwa marufuku. Ilikuwa Zaïre, siku za otentisite ya Mobutu, siasa yake ya kurudi asili: wanaume abakosti, koti la kuvaliwa bila kravati (tai), wanawake vikwembe, wigi hapana. Mnaviita nguo za mama. Sisi ndivyo vilikuwa nguo za msichana. Ujanja wote ulikuwa kwenye kufunga. Cha chini kinaishia wapi juu ya kifundo cha mguu, cha juu kinakunjwa mara ngapi, fundo linakaa upande gani. Tulikuwa tunamtambua msichana kwa fundo lake kabla hatujaona uso. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alihutubia akilia, kravati zikarudi, na mimi nikashona pantalo yangu ya kwanza, ya kijani. Wiki nzima nilitembea nayo ndani ya nyumba tu.

Halafu tarehe 17 Januari 2002, mlima wetu Nyiragongo ulipolipuka. Tulikaa hatua chache kutoka kanisa kuu, lile lililoungua. Usiku tulivuka kwenda Gisenyi. Tuliporudi hapakuwa na nyumba, kulikuwa na jiwe jeusi, bado linatoa joto. Pantalo ya kijani iko chini ya jiwe hilo mpaka leo. Nilibaki na kikwembe nilichofunga na sweta ya mume wangu, ya shingo ya pembe. Niliivaa miezi, mpaka watu wakawa wananiita kwa hiyo sweta. Leo nikipata pesa, bado nanunua sweta ya kiume ya namna ile. Huyu anayeandika hapa anacheka.

Nikuulize kitu kimoja. Mwezi wa tano 2021, mlima ulipowaka tena wakatuambia tuondoke mjini, uliweka nguo gani kwenye begi? Usifikiri. Jibu.

Ya_Deo_Mvaaji

Mama, heshima. Nimevua kofia.

Binti_wa_Keshero

Mama Kasika, asanti sana. Nilisoma jana jioni nikashindwa kujibu hapo hapo.

Tulikimbilia Sake, nusu njia kwa moto, nusu kwa miguu. Kwenye begi niliweka pantalo nyeusi pana ya kitambaa laini, niliyoiokota kwenye chagua siku moja bila sababu yoyote. Shati la baba la bluu, la mikono mirefu. Kikwembe cha bibi, chenye picha za mbayuwayu, kile cha njano ambacho mama alikuwa anakitafuta miaka. Basi. Jinzi hata moja. Jile niliiacha msumarini, na sikuikumbuka mpaka tuliporudi kazini. Hereni za duara zilikuwa masikioni tayari, nililala nazo.

Nimekwenda kabatini sasa hivi. Shati lipo. Pantalo ipo chini kabisa, haijavaliwa tangu Sake, kwa sababu jile haikubaliani nayo na jile ndiyo ilikuwa inaamua. Nimeijaribu. Inaanguka vizuri mpaka leo, lakini kiunoni haifungi, inakosa kama vidole viwili.

Fundi_Mabanga

Geuza ndani nje. Mshono wa pembeni umeacha ngapi?

Binti_wa_Keshero

Ngoja.

Sentimita mbili na nusu. Kila upande, na nyuma pia.

Fundi_Mabanga

Aliyeishona alikuwa fundi. Ilete Jumamosi kabla ya saa nne, na hilo shati la baba, nilipunguze bega bila kuligusa urefu. Kikwembe cha bibi usinipe kwanza. Kaa na mama yako mkubaliane, mimi sitaki kuitwa kwenye kikao cha familia juu ya mkasi.

Balo_Virunga

Na koti? Ishirini zangu ziko wapi?

Binti_wa_Keshero

Nakuja Jumatatu asubuhi, kamba ikikatwa niko hapo.

Kadogo_wa_Birere

Jile je?

Binti_wa_Keshero

Ile ya mraba ameichukua mdogo wangu. Anasema ule mraba ndio wenyewe, wenzake watauliza ameitoa wapi. Leo ametoka nayo kwenda misa ya pili, na chini amevaa jinzi yangu ya 2008, ile ya kukaa kwa shida. Mama yuko misa ya kwanza, inaisha sasa hivi. Watakutana pale mlangoni.