Vanishi ya milango ya mninga na cheti cha jengo la kijani

Mjenzi, Bagamoyo: Nawasalimu, wanajukwaa. Ninajenga nyumba ndogo ya wageni, na milango yake ya mninga imekwisha kupigwa msasa. Mshauri wangu anataka jengo lipate cheti cha EDGE, kinachotolewa kwa majengo yasiyopoteza nishati na maji, lakini fundi ameleta vanishi ya kuchanganya na tina, ambayo harufu yake ilinikaa kooni hadi jioni. Je, itatunyima cheti?

Mkadiriaji, Tanga: Haitawanyima. EDGE hudai akiba ya angalau asilimia 20 katika nishati, katika maji na katika hewa ya kaboni itokayo wakati wa kutengeneza vifaa vya ujenzi; mvuke wa vanishi haumo katika hesabu hiyo. LEED, mpango wa Marekani wa vyeti vya majengo ya kijani, ndiyo hutoa alama kwa rangi na vanishi zenye mvuke mdogo, tena cheti chake hupewa jengo, si kopo. Muuzaji akikuambia vanishi yake ina cheti cha LEED, mwachie kopo lake.

Seremala, Tanga: Cheti kando, ndugu yangu, anayevuta mvuke huo ni fundi. Tumia vanishi ya maji, na baada ya mkono wa kwanza pitisha msasa laini, kwa kuwa maji huinua nyuzi za mbao. Mafuta ya kitani nayo ni mazuri, ila matambara yake yaanikwe yakiwa yametandazwa: yakirundikwa huzalisha joto na huweza kuwaka yenyewe. Wazee walipaka majahazi sifa, yaani mafuta ya papa, lakini mgeni gani atalala na harufu ya papa?

Mjenzi, Bagamoyo: Ahsanteni. Tina inarudi dukani kesho.