Nitumie fomati gani kuhamishia CD zangu za muziki kwenye kompyuta?

Msikivu:

Habari zenu, wenzangu. Nina CD za muziki zinazokaribia mia nne, nyingi zikiwa za ala na za kwaya, pamoja na rekodi kadhaa za matamasha ambamo wimbo mmoja huungana na unaofuata bila kituo. Nimeamua kuzihamishia zote kwenye kompyuta, kwa kuwa kompyuta nyingi mpya hazina tena mahali pa kuingizia diski, na kazi yenyewe ningependa kuifanya mara moja tu.

Kinachonikwamisha ni fomati. Programu yangu inanipa WAV, FLAC, ALAC, MP3, AAC, Vorbis na Opus, na kila moja ina watetezi wake. Nitasikiliza kwa spika nzuri nikiwa nyumbani, kwa simu nikiwa njiani, na kwa redio ya gari inayosoma flashi. Je, MP3 ya kilobiti 320 inatofautiana kweli na CD yenyewe? Na kuna faida yoyote ya kuchagua biti 24, maana programu inaniruhusu?

Mtunza Kanda:

Ndugu Msikivu, naona umeunganisha maswali mawili ambayo yangefaa kujibiwa mbalimbali: utahifadhi nini, na utasikiliza nini. Faili za kuhifadhi zinapaswa kuwa sawasawa na kilichomo kwenye diski, ilhali faili za kusikilizia zinaweza kuwa ndogo kadiri chombo chako kinavyotaka, kwa sababu ukizifuta leo utatengeneza nyingine kesho kutoka kwenye hifadhi bila kuigusa CD tena.

Kwa hifadhi, chagua fomati inayobana bila kupoteza kitu. CD hubeba sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa kila sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16, katika chaneli mbili. Ukizidisha unapata takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 635 kwa saa moja ya muziki. WAV huziweka data hizo kama zilivyo. FLAC na ALAC huzibana, lakini faili inapofunguliwa kila biti hurudi mahali pake, na mara nyingi ukubwa hushuka hadi kati ya nusu na theluthi mbili. Kiasi hicho hutegemea muziki: gitaa moja lililopigwa taratibu hubanika sana, ilhali rekodi iliyojaa ngoma na kupandishwa sauti hadi kikomo hubanika kidogo. Kwa CD zako zote, sidhani kama utavuka gigabaiti 200, na hiyo ni sehemu ndogo tu ya diski ya nje ya terabaiti moja.

Sioni sababu ya kutumia WAV. Haina utaratibu unaokubalika na wote wa kubeba jina la wimbo, msanii na picha ya jalada, kwa hiyo programu moja huandika taarifa hizo kwa namna ambayo nyingine haiitambui. FLAC huzibeba vizuri, na zaidi ya hapo huhifadhi ndani ya faili alama ya uhakiki iliyokokotolewa kutokana na sauti halisi, hivyo miaka kumi baadaye unaweza kuiagiza kompyuta ipitie maktaba nzima na kukuonyesha faili iliyoharibika. Mimi hiyo peke yake inanitosha.

Kuhusu FLAC na ALAC, usijiumize kichwa. FLAC ilitolewa mwaka 2001, iko wazi kwa yeyote, na mwaka 2024 ilichapishwa kuwa kiwango rasmi cha intaneti, RFC 9639. ALAC ilitoka Apple mwaka 2004, nayo ikafunguliwa mwaka 2011. Ikiwa maktaba yako itakaa ndani ya programu ya muziki ya Apple, ambayo haipokei FLAC, tumia ALAC. Vinginevyo tumia FLAC. Ukibadili mawazo, unageuza moja kuwa nyingine bila kupoteza hata biti moja. Vile vile, ngazi za kubana za FLAC, kuanzia 0 hadi 8, hubadilisha muda wa kutengeneza faili na ukubwa wake, wala haziigusi sauti.

Biti 24 ziache. Chanzo chako kina 16, na nane zitakazoongezwa zitakuwa sifuri.

Sikio Moja:

Ninamuunga mkono Mtunza Kanda kwa sehemu, ila sipendi msomaji aondoke hapa akidhani kwamba fomati zinazopoteza ni takataka. MP3 hutupa sehemu za sauti ambazo sikio hushindwa kuzisikia kwa sababu zimefunikwa na sauti nyingine zenye nguvu zaidi, na LAME, programu ya kutengenezea MP3, imeboreshwa kwa miaka mingi katika kuchagua kipi cha kutupa. Kwa mpangilio wake wa V0, ambao huwa na wastani wa kilobiti 245 kwa sekunde, wasikilizaji walio wengi hawawezi kuitofautisha na CD. Kwa hiyo swali lako la kilobiti 320 nalijibu hivi: tofauti ipo kwenye data, lakini ni nadra kuipata kwa masikio.

Usiniamini mimi, jipime. Programu ya foobar2000 ina nyongeza ya jaribio la ABX, ambamo unasikiliza faili mbili bila kujua ipi ni ipi na kujaribu kuzitambua mara nyingi mfululizo. Watu wengi wanaosema wanasikia tofauti iliyo wazi hunyamaza wanapofichiwa majina ya faili. Tumia vipande vigumu, kama makofi ya hadhira au ala zinazodonolewa kwa ukali, maana hapo ndipo kasoro za MP3 hujitokeza kwanza.

Kwa simu, Opus ya kilobiti 128 ni nzuri sana na huchukua nafasi ndogo. Hufanya kazi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hivyo hubadilisha kasi ya CD, lakini mabadiliko hayo hayasikiki. Redio nyingi za gari, hata hivyo, haziijui Opus, na huko MP3 bado ndiyo inayokubalika karibu kila mahali. Suala la hataza (haki za uvumbuzi) lililoisumbua MP3 zamani lilimalizika mwaka 2017, wakati Fraunhofer, taasisi ya Ujerumani iliyoshiriki kuibuni, ilipofunga mpango wake wa leseni.

Ninapokubaliana kabisa na mwenzangu ni hapa: usitengeneze Opus kutoka kwenye MP3, wala MP3 kutoka kwenye AAC. Kila mbano unaopoteza huongeza upotevu wake juu ya ule uliotangulia. Hiyo ndiyo hoja ya kweli ya kuwa na FLAC, na haihitaji mtu awe na masikio ya ajabu.

Fundi Mitambo:

Mmezungumza vizuri kuhusu fomati, lakini kwa maoni yangu hilo ndilo jambo jepesi kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu fomati inaweza kugeuzwa baadaye. Usomaji mbaya haugeuziki. Alama ya uhakiki ya FLAC iliyotajwa hapo juu inathibitisha kwamba faili haijabadilika tangu ilipotengenezwa. Haiwezi kujua kama kisomaji kiliisoma diski sawasawa.

Tatizo linatokana na muundo wenyewe. Katika CD ya data, kila sekta ya baiti 2,352 hubeba baiti 2,048 za mtumiaji, na sehemu kubwa ya zinazobaki hutumika kugundua na kusahihisha makosa. Katika CD ya muziki, baiti zote 2,352 ni sauti, hivyo safu hiyo ya pili ya ulinzi haipo. Mkwaruzo ukizidi uwezo wa usahihishaji uliobaki, kifaa kinaweza kukisia thamani iliyokosekana na kuendelea bila kukuambia lolote. Utaisikia kasoro hiyo baadaye kama mlio mfupi wa kukwaruza, au usiisikie kabisa.

Kwa hiyo tumia programu inayosoma kwa tahadhari: Exact Audio Copy kwa Windows, XLD kwa Mac, whipper kwa Linux. Husoma upya sehemu zenye shaka, kisha hulinganisha matokeo na hazina ya AccurateRip, yenye alama za uhakiki zilizotumwa na watu wengine waliosoma diski hiyohiyo. Alama zikilingana, unaweza kuirudisha CD kabatini kwa amani. Hifadhi pia ripoti ya usomaji, pamoja na faili ndogo ya cue inayoonyesha kila wimbo unaanzia wapi.

Ongeza muda wa majina. MusicBrainz, hazina ya mtandaoni ya taarifa za muziki, hutambua albamu nyingi kwa mpangilio na urefu wa nyimbo, lakini kwa kwaya na muziki wa ala utakuta mtunzi ameandikwa mahali pa msanii, au jina moja limeandikwa kwa namna tatu. Amua utaratibu wako kabla ya diski ya kwanza, maana kusahihisha albamu mia nne kwa mkupuo ni kazi ya kuvunja moyo.

Msikivu:

Nawashukuru nyote. Nitatumia FLAC kwa hifadhi, Opus kwa simu na MP3 ya V0 kwa gari. Yamebaki mawili: nifanye nini diski isipolingana na AccurateRip, na zile rekodi za matamasha zitachezaje garini?

Fundi Mitambo:

Isafishe kwa kitambaa laini, ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzunguka. Ikishindikana, jaribu kisomaji kingine, kwa kuwa visomaji hutofautiana sana katika kuvumilia mikwaruzo. Kutolingana peke yake si dalili ya kosa, kwani huenda toleo lako lilichapwa tofauti na yaliyomo kwenye hazina. Usomaji mara mbili, ikiwezekana kwa visomaji viwili, ukitoa alama moja, ukubali.

Mtunza Kanda:

Kuhusu matamasha, FLAC na Opus hazitakusumbua ukiwa na programu nzuri ya kuchezea. MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni mwa kila faili. LAME huandika kiasi chake ndani ya faili ili kichezaji kiuruke, lakini redio nyingi za gari hazisomi maelezo hayo, na utasikia pengo katikati ya makofi. Kwa albamu hizo chache, unganisha diski nzima iwe faili moja ya MP3. Utapoteza uwezo wa kurukia wimbo fulani, lakini maungio hayatakuwepo kabisa. Flashi yenyewe ipange kwa mfumo wa faili wa FAT32, kwa sababu redio nyingi za gari hazitambui ule wa NTFS unaotumiwa na Windows.