Jimu inatuandika kilo ukutani na kututangaza tumenenepa. Huu ni unyanyasaji, na wanachosema si kweli

Wakuu, nimevumilia miezi miwili na nusu, leo naandika. Mtanisamehe kwa urefu.

Januari nilijiunga na jimu moja hapa Dar, jina naliacha. Nina miaka 38, watoto wawili, mgongo ulikuwa unanisumbua na presha imeanza kupanda. Nikalipia miezi mitatu kwa mkupuo. Siku ya kwanza nilipimwa asubuhi, sijanywa hata chai: kilo 81.4. Nikaanza kunyanyua vyuma siku tatu kwa wiki. Wiki ile ya kwanza mapaja yaliuma hadi nikawa nashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume.

Siku ya 13 tukapimwa tena. Safari hii jioni, nimeshakula mchana, raba ziko miguuni, na siku zangu zimekaribia. Mizani ikasoma 83.2. Kocha akachukua kalamu, akaandika jina langu kwenye ubao uliopo pale mlangoni, na mbele yake +1.8 kwa wino mwekundu. Kila anayeingia anasoma. Akaniambia kwa sauti, "Mama, sisi huku tunahangaika na wewe, kumbe ukifika nyumbani unafakamia."

Sikuwa nafakamia. Nilikuwa nakula kama siku zote, ugali, mboga, dagaa au samaki. Lakini nilimwamini, kwa sababu kocha ni yeye. Nikaacha ugali na wali kabisa, na nikanunua kwake yale majani ya kusafisha tumbo, pakiti shilingi 15,000. Siku mbili nzima nikawa mtu wa chooni. Mizani ikasoma 80.9, akanipigia makofi mbele ya watu. Kesho yake nikiwa na chuma begani, giza likanijia machoni. Dada aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyewahi kukidaka. Kingeniangukia shingoni, nani angejibu kwa watoto wangu?

Binamu yangu ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nilipomsimulia alikasirika kuliko mimi, akanikalisha chini, akanieleza jambo ambalo kocha anayelipwa alipaswa kunieleza siku ya kwanza.

Misuli isiyozoea vyuma, ukiifanyisha kazi nzito, inapata michubuko midogo midogo ndani. Mwili unapeleka maji kwenda kuitengeneza, kama kidole kinavyovimba ukijigonga. Yale maumivu ya siku ya pili na ya tatu yanaendana na uvimbe huo, na maji yana uzito. Pili, misuli inayofanya mazoezi inajiwekea akiba ya wanga, inaitwa glaikojeni, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na karibu gramu tatu za maji. Ongeza chakula kilichokuwa tumboni jioni ile, chumvi, raba, na hedhi iliyokuwa mlangoni, ambayo kwa baadhi yetu peke yake huweza kuleta hata kilo moja ya maji. Hapo 1.8 yangu imeshapatikana, hata kijiko cha mafuta hakijaongezeka.

Akanipigia na hesabu. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700. Ili ninenepe kilo 1.8 za mafuta kwa siku 13, ningepaswa kula zaidi ya kalori 1,000 kila siku juu ya zile ninazotumia. Hizo ni kama chapati nne nzito za mafuta kila siku, juu ya milo yangu yote. Ningekuwa nimekula hivyo si ningejua?

Na wale wanaotufariji kwamba "hiyo ni misuli imeongezeka" nao waache. Misuli ya kilo karibu mbili haijengeki kwa wiki mbili, na kwa sisi wanawake inachukua miezi. Kilo ya misuli na kilo ya mafuta ni kilo ileile, tofauti ni kwamba misuli imeshikana na inakaa sehemu ndogo zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kubaki na kilo zilezile na nguo zikampwaya.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Mwezi huu nilipeleka kitenge kwa fundi wangu, yule aliyenishonea gauni la harusi ya mdogo wangu mwezi wa 12. Fundi ana daftari la mistari, kila mteja na ukurasa wake. Akanizungushia futi, akaangalia daftari, akanipima tena. Desemba kiuno kilikuwa sentimita 98. Sasa 93. Akaniuliza, "Mama, ulikuwa unaumwa?" Siku hiyohiyo ubao wa jimu ulisema nina 81.1, yaani kwa kocha nimepoteza gramu 300 tu, jina langu liko mkiani na amelizungushia duara jekundu. Mgongo hauniumi tena. Nilianza skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, na chuma kitupu begani, sasa nabeba kilo 40. Hayo hakuna ubao unaoyaandika.

Kinachoniuma zaidi si mimi. Kuna mama mmoja, umri wake kama wa mama yangu, alianza Februari. Wiki ya pili akaandikwa +2.1. Alisimama mbele ya ule ubao, akafunga kanga yake vizuri, akatoka. Hajarudi mpaka leo. Mwili wake ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kuitikia mazoezi, na kwa umri ule vyuma vinamfaa kwa mifupa na kwa kutoanguka. Wamemfukuza kwa ajili ya maji! Wiki tatu nne angeona yanatulia.

Na vijana wanaotumia kriatini, ule unga wa kuongeza nguvu za misuli, wanapanda kilo moja hadi mbili wiki ya kwanza, maji hayohayo, wao kocha anawasifia kwamba wamejaza. Sisi tunaambiwa tunafakamia.

Nimemwomba mambo matatu: ubao utoke, tupimwe asubuhi kabla ya kula kwa mizani ileile na tuangalie wastani wa wiki, na kila mtu apimwe kiuno kwa futi. Amenijibu kwamba asiyetaka ubao atafute jimu nyingine. Na majani yale bado anauza pale kaunta.

Nimebakiwa na wiki mbili nilizolipia na nataka pesa yangu. Risiti ninayo. Mwenye kujua pa kuanzia kudai anielekeze, na kama kuna mwingine aliyeuziwa majani hayo akaugua, aandike hapa chini, twende wengi.